Nchi ya Wanong'onaji

Nchi ninayotaka kuwasimulia haimo katika ramani yoyote, kwa hiyo msihangaike kuitafuta, na tafadhali asitokee mtu akadai nimemsema yeye. Iko juu milimani, mahali ambapo theluji huwahi kufika na huchelewa kuondoka, kama mgeni aliyeona chakula ni kizuri. Ni nchi tajiri, nasema hivyo bila kujisifu. Kwetu ng'ombe hulala kwenye mabanda yenye joto la umeme, mbwa huvaa makoti, na mtu mwenye nyumba ya ghorofa tatu huwaomba radhi wageni kwa kuwakaribisha kibandani kwake.

Mimi naitwa Madlaina. Nimezaliwa huko, nimekulia huko, na kwa miaka mingi nilikuwa mwananchi mwema kabisa. Nalisema hili mapema ili mjue sina ugomvi na serikali. Ninachotaka ni kusimulia jinsi binti yangu Seraina alivyopiga yowe mchana kweupe, na yaliyompata baada ya hapo.

Lakini hamtaelewa ubaya wa yowe kama hamjui Sheria ya Utulivu. Juu ya mji wetu kuna mlima mkubwa tunaouita Shangazi, kwa kuwa ukimkosea hasamehi. Kila majira ya baridi Shangazi hujitwisha theluji mabegani, na tangu tukiwa wadogo tulifundishwa kwamba usingizi wake ni mwepesi. Mtu mmoja akipaza sauti, theluji yote itashuka itufukie. Ndiyo maana tangu theluji ya kwanza mpaka ya mwisho nchi nzima hunong'ona, na kiangazi chetu kifupi hakitoshi kututoa katika mazoea hayo.

Tunanong'ona sokoni, tunanong'ona kanisani, tunagombana kwa kunong'ona. Kengele za ng'ombe hujazwa sufi. Majogoo huchinjwa wote kabla ya baridi, bila kusikilizwa utetezi wao. Harusini kina mama hupiga vigelegele kwa kutikisa ulimi tu, mdomo wazi, bila sauti, na kwa kweli wapo wanaokipiga kigelegele hicho kwa ustadi mpaka unatokwa na machozi. Bunge letu nalo hupitisha sheria zake zote wakati wa baridi. Spika huuliza kwa mnong'ono kama yupo anayepinga, anatega sikio, hasikii kitu, na sheria inapita. Hatujawahi kuwa na mgawanyiko.

Utajiri wetu umetoka humo humo. Wengine huuza kahawa, wengine huuza dhahabu, sisi tunauza kimya. Wageni hupanda kutoka kwenye miji yao yenye honi na jenereta, wanakaa kwenye veranda zetu wakiwa wamefungwa mablanketi, wanasikiliza bila kusikia kitu, kisha wanalipa na kushukuru.

*

Kumbukumbu yangu ya kwanza maishani ni kiganja cha mama yangu. Kilikuwa kinanuka vitunguu na sufu, na kilikuwa mdomoni mwangu. Watoto wa kwetu hukulia kwenye viganja namna hiyo. Mtoto akianza kukunja uso, kiganja kimeshafika. Nilipoanguka na kigari changu cha theluji nikavunjika mkono, nilitembea mwenyewe mpaka nyumbani, nikamvuta mama koti, nikamwonyesha mfupa. Mama aliangua kilio, cha kimya, kwa jinsi alivyojivunia. Majirani walileta keki.

Baadaye nikaolewa na Jachen, fundi wa lifti ya waya inayopandisha wageni mlimani. Alikuwa mtu mpole, mnong'ono wake ulikuwa mzito na wa kupendeza. Seraina alipokuwa bado ananyonya, Jachen alipanda kukagua nguzo za lifti, theluji ikashuka ikamchukua. Tume iliundwa. Ilichunguza kwa makini ikagundua kwamba marehemu alipiga chafya. Ni kweli asubuhi ile wahandisi walikuwa wakilipua mwamba kwa baruti upande ule ule, lakini Tume haikulitaja jambo hilo, kwa sababu baruti ilikuwa ya serikali. Mimi niliamini ripoti ile. Tangu juzi yake mume wangu alikuwa na mafua.

Nikabaki na Seraina, na Seraina, masikini, alizaliwa na sauti. Siku anazaliwa mkunga alimwacha mezani akakimbilia chini ya kitanda. Kwetu mtoto akifika umri wa kwenda shule hupelekwa mbele ya Kamati ya Sauti. Wanamfinya. Wanamwachia panya miguuni. Wanamwambia mbwa wake amekufa. Akitoa sauti, hata kidogo, anapelekwa Bondeni, kwenye Nyumba ya Wenye Sauti, na harudi tena mlimani. Mama hapewi ruhusa ya kumfuata, maana serikali inaona mtoto kama huyo ameharibiwa na mama.

Niliogopa jambo hilo kuliko nilivyomwogopa Shangazi. Nilimfundisha Seraina kwa kiganja changu, kama nilivyofundishwa mimi, na usiku nilikuwa nikikitazama kile kiganja na kukichukia.

Siku moja aliniuliza, "Mama, na nikiogopa sana je?"

"Unaogopa ndani, mwanangu."

"Ndani kukijaa?"

Nilimfunga skafu vizuri nikamwambia twende tukanunue jibini.

Alifaulu. Panya alipanda mpaka gotini, naye akamtazama tu kwa huruma. Kamati ikamvisha nishani ya Mtoto Mtulivu, na picha yake ikabandikwa kwenye dirisha la ofisi ya wilaya. Nilirudi nyumbani nikapiga vigelegele vyetu vya kimya mpaka taya zikaniuma.

*

Baridi hiyo hiyo Waziri wa Theluji na Utulivu, Mheshimiwa Gaudenz, alikuja kutuletea maendeleo. Mheshimiwa alivaa koti la manyoya lililokuwa refu kuliko yeye, na nyuma yake alikuwapo kijana wa kulibeba pindo lisiguse theluji. Hotuba yake aliwanong'onezea watu wa safu ya mbele, safu ya mbele ikaipeleka hotuba kwa ya pili, na kuendelea. Makofi, ambayo kwetu hupigwa kwa glavu nene, yalifuata kwa utaratibu huo huo. Sisi wa nyuma tulikuwa bado tunampigia makofi wakati yeye ameshaondoka kwenda kula.

"Ndugu wananchi," ndivyo hotuba ilivyotufikia, "tunajenga hoteli kwenye bega la Shangazi. Itakuwa juu kuliko hoteli zote. Mgeni akifungua dirisha atapata kimya kipya, ambacho hakijawahi kutumiwa na mtu mwingine. Kwa ajili hiyo kutakuwa na milipuko michache, na misonobari iliyopo juu ya mji itaondolewa, maana inawazibia wageni mandhari."

Misonobari ile ndiyo iliyokuwa ikishika theluji isishuke. Kila mtu alilijua hilo. Mzee mmoja wa safu ya kati alithubutu kuuliza, "Mheshimiwa, na Shangazi akiamka?" Swali likapanda mpaka mbele, na jibu likashuka.

"Mzee wangu, Shangazi ni mwelewa. Kelele ni ile inayotoka kwa mtu. Inayotoka kwenye mradi inaitwa hatua."

Tulipiga makofi sana. Nami nilipiga.

Milipuko ikaanza. Vyombo vilitikisika kabatini, vioo vilipasuka, kuku waliobaki waliacha kutaga. Mitaani, mlipuko ukilia, watu walikuwa wakiendelea na mazungumzo yao kwa mnong'ono kama hawakusikia kitu. Mara moja tu nilimwona mwanamke akishtuka akaangusha mayai, na wote tulimtazama kwa aibu, tukamhurumia kwa kukosa malezi.

Kisha nikauona ufa. Nilikuwa naosha vyombo, nikainua macho dirishani, na kifuani kwa Shangazi nikaona mstari wa buluu, mwembamba kama uzi. Kila mlipuko ulipolia uzi ule ulirefuka. Nikaacha vyombo kwenye povu nikaenda kwa Bwana Duri, Afisa Utulivu wa mtaa wetu, ambaye kazi yake ni kuzunguka majumbani akitega pembe yake ya shaba ukutani, asikilize nani anakoroma.

"Bwana Duri," nikamnong'oneza, "theluji imepasuka kule juu."

Akanitazama kwa upole. "Mama Seraina, huo ufa unapiga kelele?"

"Hapana."

"Basi haupo kwenye idara yangu."

"Uko kwenye idara ya nani?"

Alifikiri. Alifikiri kwa uaminifu kabisa, nitamsifia kwa hilo. "Ufa usiopiga kelele," alisema mwishowe, "ni ufa mtulivu. Ni mfano wa kuigwa." Kisha akaniomba nipunguze mnong'ono, kwa kuwa ulikuwa umeanza kukwaruza.

Nilirudi nyumbani nikafunga pazia. Nakiri nilifunga pazia. Seraina alikuja akalifungua, akasimama pale kwenye kigoda chake, akautazama ufa, na nilimwona koo lake likipanda na kushuka.

*

Siku ya kuezeka hoteli watoto wa shule walipangwa uwanjani, chini kabisa ya Shangazi, ili wapunge bendera. Sisi wazazi tulisimama nje ya uzio. Hali ya hewa ilikuwa nzuri mno, anga imetakata, theluji inang'aa mpaka macho yanauma. Juu wakalipua baruti ya mwisho, kwa heshima ya paa.

Ufa ukafunguka. Ulifunguka taratibu, kama mtu anayepiga mwayo. Theluji yote ya bega la Shangazi, chini ya hoteli, ikaachana na kifua chake ikaanza kutelemka, na kwa muda fulani haikutoa hata mlio. Niliwatazama wazazi wenzangu. Wote walikuwa wameona. Walikuwa wameng'ang'ania uzio, midomo imefumbwa, nyuso nyeupe. Mwalimu naye aliona. Aliinua kidole akakiweka mdomoni, akawanong'oneza watoto wa mbele, "Jamani, tuondokeni kwa utaratibu, mwambie mwenzako." Na watoto wale waliolelewa vizuri wakaanza kugeuka, mmoja mmoja, kumwambia mwenzake.

Nilifungua mdomo nimwite binti yangu. Mniamini, nilifungua. Nilivuta pumzi yote iliyokuwapo duniani na haikutoka hata chembe. Koo lilikuwa limefungwa kana kwamba kiganja cha mama yangu bado kipo pale.

Ndipo Seraina akapiga yowe.

"Kimbieniii!"

Sijui niwaelezeje sauti ile. Watoto wale hawakuwahi kumsikia binadamu kwa ukamilifu wake. Nadhani hawakuikimbia theluji, walimkimbia Seraina. Walitawanyika, wakaangushana, wakarukia ukuta wa kanisa, na yeye nyuma yao akiendelea kupiga mayowe na kuwasukuma, nishani inamrukaruka kifuani. Wa mwisho alipozunguka kona ya kanisa ndipo mngurumo ulipofika. Shule ilifukiwa mpaka kwenye ncha ya mlingoti wa bendera. Uwanja ule waliokuwa wamesimama haukuonekana tena mpaka kiangazi.

Watoto wote walikuwa hai. Nilimkuta Seraina ameegemea ukuta, anahema. Nilimkumbatia, na kwa aibu nawaambia ilivyokuwa: mkono wangu ulikwenda wenyewe ukamfunika mdomo.

*

Tume iliundwa jioni hiyo hiyo. Ilikaa kwenye ukumbi wa dansi wa hoteli mpya, ambayo haikupata hata mkwaruzo, na Mheshimiwa Gaudenz alikubali kwa unyenyekevu kuwa mwenyekiti, kwa kuwa ndiye aliyelijua jambo hili kuliko wote.

Bwana Duri aliitwa kwanza.

"Afisa, siku ya tukio ulisikia kelele yoyote?"

"Nilisikia moja, Mheshimiwa. Ya mtoto wa kike."

"Na mlipuko?"

"Mlipuko upi, Mheshimiwa?"

Mheshimiwa alitikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akamwita Seraina, akamwinamia kama babu.

"Mjukuu wangu, ulipiga kelele?"

"Shikamoo. Ndiyo."

"Marahaba. Kwa nini?"

"Niliogopa."

"Serikali haikatazi mtu kuogopa," alisema Mheshimiwa, akiugeukia ukumbi mzima ili busara hiyo isipotee. "Tena inahimiza. Ila mwananchi mzalendo huogopa kwa ndani."

Nilisimama. Nikasema, "Theluji ilianza kushuka kabla. Nilikuwapo. Ilishuka kwanza, ndipo akapiga yowe. Watoto wenu wote wako hai kwa sababu yake."

Mheshimiwa aliweka mkono sikioni. "Sauti, shahidi."

Nilirudia. Nilirudia kwa nguvu zangu zote, mishipa imenisimama shingoni, na kilichotoka ni mnong'ono ule ule niliolelewa nao. Niligeuka nikawatazama wazazi wenzangu waliojaa kwenye mabenchi. Kila mmoja alikuwa na mtoto mapajani, mtoto mwenye mashavu mekundu, mzima, anayekula biskuti za hoteli. Waliangalia viatu vyao. Mama aliyekuwa karibu yangu alinibana mkono nyuma ya benchi, kwanza akihakikisha hakuna anayeona, kisha akauachia.

"Iandikwe," alisema Mheshimiwa, "kwamba shahidi hakusikika."

Uamuzi ulisomwa. Theluji iliangushwa na mtoto. Mtoto apelekwe Bondeni. Mama abaki mlimani chini ya uangalizi, asije akaharibu mwingine. Na ili kulifariji taifa, ujenzi wa bwawa la kuogelea la hoteli uanze mara moja, kwenye bega la pili la Shangazi, lile ambalo bado lilikuwa na theluji yake.

Wote walipiga makofi kwa glavu. Mimi sikuwa nimevaa glavu, na sikupiga.

*

Walikuja kumchukua asubuhi, kwa gari jeusi lenye minyororo ya magurudumu iliyofungwa vitambaa. Bwana Duri ndiye aliyemshika mkono. Alikuwa amemfunga Seraina skafu mara mbili mdomoni, na alinieleza kwa adabu kwamba ni kwa sababu ya baridi. Nilimpa binti yangu soksi za sufu na mkate. Nilimbusu kwenye paji la uso kwa kuwa mahali pengine palikuwa pamefungwa. Macho yake yalikuwa makavu na makubwa. Alikuwa anaogopa, kwa ndani, kama alivyofundishwa, na niliona jinsi kulivyojaa.

Gari likaondoka. Mtaa ulikuwa na watu wengi, ilikuwa siku ya soko, na walilipisha gari njia huku wakiendelea kunong'onezana bei za jibini. Nilikiona kichwa chake kwenye kioo cha nyuma, kinazidi kuwa kidogo. Nikaanza kutembea. Nikaanza kukimbia. Nilijua nikifika kwenye kona ya chini ya mji sitamwona tena, na hofu niliyokuwa nayo haikuwa na mahali pa kukaa tena mwilini mwangu.

"Seraina!"

Sikuitambua. Ilikuwa sauti nene, ya kukwaruza, mbaya, na ilitoka kwangu. Iligonga kuta za nyumba pande zote mbili ikanirudia.

"Seraina! Mwanangu!"

Mtaa mzima ulianguka chini. Kina mama waliwalalia watoto wao. Wanaume walijitupa kifudifudi na makoti yao ya bei mbaya, mikono kisogoni, nyuso ndani ya theluji. Vikapu vilimwagika. Mimi nami nilisimama nikafumba macho, nikangoja nifukiwe, kwani nilikuwa nimelelewa huko huko. Nilingoja. Kisha nikafumbua macho nikamtazama Shangazi.

Hakutikisika. Hata unga wa theluji haukudondoka. Alikuwa amekaa pale juu na theluji yake, na ungedhani hajanisikia.

Kule chini kioo cha gari kikashuka. Seraina aliitoa skafu, akatoa kichwa, na akaniitikia kwa sauti yake yote, "Mamaaa!" Nikamwita, akaitika. Gari likazunguka kona, nikamwita, akaitika kutoka ng'ambo. Nilikuwa nakimbia nikiruka migongo ya watu. Niliwapigia kelele, "Inukeni! Tazameni! Jamani, inueni vichwa mtazame!" Hakuna aliyeinua kichwa. Nilimpita mwalimu, nilimpita yule mama aliyenibana mkono, amelala kifudifudi, mabega yanamtetemeka, na nilimgusa nikamwambia atazame, naye akajikunja zaidi.

Nilifika kona ya chini ya mji nikaendelea kushuka barabarani, na sauti ya binti yangu ilikuwa bado mbele yangu. Niligeuka mara moja tu. Mji wote ulikuwa umelala kwenye theluji, kimya, jua limewaka juu ya makoti yao.

Kisha juu, kwenye bega la pili, wakalipua baruti ya bwawa la kuogelea. Bonde zima likatikisika. Na wananchi wakainuka mmoja mmoja, wakapangusa makoti, wakaokota jibini zao, na kuendelea na soko.